Uzi: Mwenye pumu na chanjo ya korona. Kabla ya sindano, ukiwa kwenye benchi la kusubiri, na siku zinazofuata

#1 PafuNaKifua

Wakuu, salaam. Kila dozi mpya za korona zikitangazwa, swali la wenye pumu linarudi, na majibu mengi huishia "kamuulize daktari wako". Naweka mambo yenyewe hapa. Wenye fani wanyooshe palipopinda.

Pumu peke yake haimzuii mtu kupata chanjo yoyote ya korona: Pfizer, Moderna, Novavax, wala zile za virusi vilivyouawa kama Sinopharm. Hakuna kati yake iliyobeba kirusi cha korona kilicho hai, kwa hiyo haiwezi kukuletea maambukizi ya njia ya hewa, na maambukizi ya namna hiyo ndiyo yanayoamsha pumu kwa wengi. Wenye pumu iliyotulia walikuwemo kwenye majaribio ya mwanzo, likiwemo lile la Pfizer la mwaka 2020 lenye washiriki zaidi ya 43,000.

Kinachozuia hasa ni anafilaksia, yaani mzio mkali wa ghafla wa mwili mzima, kwa dozi iliyotangulia ya chanjo hiyo au kwa kiambato chake.

Hofu ilianzia hapa. Tarehe 8 Desemba 2020, siku ya kwanza ya chanjo ya Pfizer kwa umma Uingereza, wahudumu wawili wa afya wenye historia ya mzio mkali walipata mzio baada ya sindano. Wote wawili walipona. Kesho yake mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikawazuia wote waliowahi kupata anafilaksia ya chakula, dawa au chanjo. Tarehe 30 Desemba ikalegeza: zuio likabaki kwa wenye mzio wa viambato vya chanjo yenyewe. Habari ya kwanza ilisambaa, ya pili wengi hawakuisikia, na huko njiani "mzio mkali" ukageuka "pumu".

Takwimu za mwanzo za Marekani, Desemba 2020: dozi 1,893,360 za Pfizer, visa 21 vya anafilaksia, yaani kama 11 kwa kila dozi milioni. Visa 15 kati ya hivyo vilianza ndani ya dakika 15 na hakuna kifo cha anafilaksia kilichoripotiwa. Dozi zilipoongezeka kiwango kikashuka hadi takriban 5 kwa milioni.

Upande wa ugonjwa: pumu nyepesi au ya kati iliyotulia haionekani kuongeza sana hatari ya korona kali. Hatari iko juu kwa aliyehitaji vidonge vya prednisoloni (steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe) hivi karibuni, au aliyelazwa kwa pumu kali. Yaani anayeiogopa chanjo zaidi kwa sababu pumu yake ni mbaya, mara nyingi ndiye anayeihitaji zaidi.

#2 NesiWaDozi

Asante mkuu. Naongeza maandalizi.

Kujua tu kwamba mtu ana pumu hakumsaidii sana mchanjaji. Anachotaka kujua ni kama imetulia. Pumu isiyodhibitiwa ni miongoni mwa mambo yanayofanya anafilaksia yoyote iwe ya kuua, iwe imetokana na nyuki, karanga au dawa, kwa sababu mapafu yanaingia vitani yakiwa tayari yamebanwa.

Jiulize kuhusu wiki nne zilizopita. Je, dalili za mchana zilikuja zaidi ya mara mbili kwa wiki? Umeamshwa usiku na pumu hata mara moja? Umetumia pampu ya kufungulia kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki? Umeshindwa kufanya shughuli yoyote kwa sababu ya kifua? Hapana zote nne, pumu imetulia. Ndiyo moja au mbili, imetulia nusu. Tatu au nne, haijatulia, na hapo nenda kwanza urekebishiwe dawa ya kuzuia. Kurekebisha huko hakuna maana ya kuahirisha chanjo miezi. Inaahirishwa pale tu unapokuwa katikati ya shambulio au una homa: subiri lipite, upumue kawaida, kisha nenda.

Mwenye pikifulo nyumbani (kifaa cha kupima nguvu ya kupuliza pumzi) apulize asubuhi ya chanjo, mara tatu akiwa amesimama, achukue namba ya juu kabisa. Ikiwa ni 80% au zaidi ya rekodi yake bora, vizuri. Kati ya 50% na 80%, awasiliane na anayemtibu kabla ya kwenda. Chini ya 50% hiyo ni dharura ya pumu, habari za chanjo ziwekwe kando.

Pampu ya kufungulia iwe mfukoni, na ijaribiwe kabla. Pampu ya salbutamoli, ambayo ndiyo hiyo ya kufungulia, ina mipulizo 200, na zisizo na kihesabio huendelea kutoa mvuke hata dawa ikiwa imekwisha. Ile mbinu ya kuiweka kwenye maji kuona kama inaelea haiaminiki. Kama haijatumika kwa siku tano au zaidi, itikise, pulizia hewani mara mbili, ndipo uiamini.

#3 Swali_Fupi

Wakuu, je anayetumia pampu ya steroidi kila siku? Nasikia steroidi zinaua nguvu ya chanjo, aache wiki moja kabla. Na anayekunywa prednisoloni?

#4 MfamasiaZamu

Swali_Fupi, hapo pa kuacha wiki moja pana hatari, kwa hiyo najibu kwa urefu kidogo.

Pampu za kuzuia, yaani beklometasoni, budesonidi, flutikasoni, ziwe peke yake au zimechanganywa na formoteroli au salmeteroli: usiache hata siku moja. Dawa hiyo inafanya kazi zaidi kwenye njia ya hewa, kinachofika kwenye damu kwa dozi za kawaida ni kidogo. Ukiacha, uvimbe ndani ya njia ya hewa unarudi taratibu kwa siku kadhaa, na unafika kwenye benchi la chanjo ukiwa umejiondolea ulinzi wa kifua mwenyewe. Vidonge vya kuzuia pumu vya montelukasti navyo viendelee.

Prednisoloni ya siku tano hadi saba kwa ajili ya shambulio: maliza dozi. Sababu ya kungoja ni shambulio lenyewe, dawa haina kosa. Kwa kuwa chanjo hizi hazina kirusi hai, steroidi haziifanyi iwe ya hatari. Zinachoweza kupunguza ni mwitikio wa kinga.

Prednisoloni ya muda mrefu, miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa wiki mbili au zaidi: huyo anahesabiwa kuwa na kinga iliyopungua. Achanjwe, na aulizie ratiba ya dozi za nyongeza, maana yake hutofautiana na ya watu wengine. Asipunguze vidonge kwa kujiamulia. Tezi za juu ya figo zilizozoea prednisoloni zikikatiwa ghafla hushindwa kutoa homoni ya kutosha, presha inaporomoka, na hiyo inaweza kuua.

Sindano za kibayolojia za pumu kali, kama omalizumabu, mepolizumabu, benralizumabu na dupilumabu: zinaendelea. Angalizo moja tu, dozi ya *kwanza kabisa* ya dawa hiyo isiangukie siku moja na chanjo. Omalizumabu yenyewe inaweza kuleta anafilaksia, na ukichanganya vitu viwili vipya siku moja hutajua kipi kilikudhuru.

Jambo jingine halitajwi sana. Anayetumia vidonge vya presha au moyo vya jamii ya propranololi na atenololi aseme mapema. Dawa hizo hufanya adrenalini isishike vizuri pale inapohitajika, na mwenye pumu alipaswa awe ameulizwa habari zake hata bila chanjo.

#5 Kipepeo_Mtulivu

Vipi kumeza setirizini (kidonge cha mzio) na panadol asubuhi kabla ya kwenda, kama tahadhari? Wengi wanafanya hivyo.

#6 MfamasiaZamu

Setirizini haizuii anafilaksia. Inachoweza kufanya ni kuficha muwasho na mabaka ya ngozi, ambayo ndiyo kengele ya kwanza. Mchanjaji anaona ngozi safi, anachelewa kushtuka, na kifua au presha ndiyo vinatoa habari. Kama unaimeza kila siku kwa mafua ya mzio, endelea, ila mwambie mchanjaji umeimeza.

Parasetamoli ngoja baada ya chanjo, homa au maumivu yakija. Kabla ya hapo haina kazi.

#7 NesiWaDozi

Kuhusu kukaa: miongozo mingi ya mwanzo ilitaka dakika 15 kwa kila mtu, na dakika 30 kwa aliyewahi kupata anafilaksia ya kitu chochote au mzio wa haraka kwa sindano nyingine. Mimi mwenye pumu namkalisha 30.

#8 PafuNaKifua

Nesi, hapo naomba tutofautiane kidogo. Ukimkalisha kila mwenye pumu nusu saa, benchi linajaa na wale wenye hatari halisi wanapotea kwenye umati. Pumu iliyotulia, bila historia ya mzio mkali, dakika 15 zinatosha. Nusu saa wapewe wale uliowataja wenye historia ya mzio, pamoja na yule ambaye maswali yako manne yameonyesha hajatulia vizuri.

#9 NesiWaDozi

Kwa kituo chenye foleni ndefu nakubaliana na wewe. Penye nafasi, dakika 15 za ziada hazimgharimu mtu kitu. Lakini kuliko urefu wa kukaa, la muhimu ni *nani anakuangalia*. Usikae nje ya mlango, usiende chooni bila kusema, na mkono uliochomwa uwe wazi ili ngozi ionekane.

#10 PafuNaKifua

Sawa kabisa. Sasa nije kwenye sehemu ngumu: mtu amechomwa, dakika ya saba anasema "nashindwa kupumua". Ana pumu. Wote mnakimbilia kusema ni pumu. Kuna mambo matano yanayofanana hapo, na matibabu yake ni tofauti.

Kuzirai kwa sababu ya sindano. Anapauka, jasho baridi, macho yanaingia giza, mapigo ya moyo yanakuwa *polepole*. Anapumua vizuri. Mlaze, nyanyua miguu, na ndani ya dakika chache anarudi. Hana vipele.

Hofu. Anahema haraka haraka, vidole na kuzunguka midomo vinachonyota kama ganzi, kifua kizito. Ukisikiliza mgongoni hewa inaingia safi pande zote. Oksijeni kwenye kipimo cha kidole iko 97 au zaidi.

Koo kujibana. Hii hudanganya hata wataalamu. Nyuzi za sauti zinafunga wakati wa *kuvuta* hewa, mlio unatoka kooni, mgonjwa anaonyesha shingo kwa kidole. Salbutamoli haimsaidii. Mfundishe kuvuta hewa fupifupi kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyokunjwa. Ila kabla ya kuliita hili koo kujibana, kagua ulimi, midomo na ngozi, na sauti kama imekwaruza. Koo lililovimba kwa mzio nalo hutoa mlio wakati wa kuvuta hewa.

Shambulio la pumu. Mlio wa filimbi kifuani wakati wa *kutoa* hewa, kikohozi, kubanwa kifua. Ngozi haijabadilika, tumbo halina shida, presha haijashuka. Salbutamoli kwa spesa (chupa ya plastiki inayounganishwa na pampu), mipulizo minne hadi kumi, mmoja mmoja, kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza. Asipopata nafuu, hospitali.

Anafilaksia. Kifua kinabana *pamoja na* kitu kingine: mabaka yanayowasha, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kutapika au tumbo kukata ghafla, mapigo ya *haraka* na dhaifu, kizunguzungu, mtu anasema anajisikia kama anakufa. Tofauti ya mapigo haya ya haraka na yale ya polepole ya kuzirai ni alama nzuri sana, shika kifundo cha mkono uhesabu.

Sasa kosa linaloua: mwenye pumu ana filimbi kifuani na mabaka shingoni, mhudumu anampa pampu na kusubiri. Salbutamoli inafungua mirija ya hewa tu. Haigusi presha inayoshuka wala koo linalovimba. Ya kwanza ni adrenalini kwenye msuli wa paja, katikati, upande wa nje: mililita 0.5 ya ile ya miligramu 1 kwa mililita kwa mtu mzima, 0.3 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, 0.15 kwa aliye chini ya miaka 6. Baada ya dakika 5 bila nafuu, rudia. Pampu ni ya pili, steroidi na setirizini zinafuata nyuma kabisa. Usipotofautisha pumu na anafilaksia kwa haraka, toa adrenalini, kwa sababu hiyohiyo hufungua na mirija ya hewa. Kuichelewesha ndiko kunakoua.

Mkao nao: akiwa na presha ya chini, alale miguu juu. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akae amenyoosha miguu. *Asisimamishwe wala kutembezwa* kwenda kwenye gari. Kuna watu hupoteza maisha kwenye ile hatua ya kuinuka, damu inapokosa kurudi kwenye moyo.

#11 DadaWaMaabara

Naongeza la kipimo cha kidole. Kwa mwenye ngozi nyeusi hicho kipimo huweza kuonyesha namba ya juu kuliko oksijeni halisi, na rangi ya kucha na vidole baridi navyo hukivuruga. Namba 94 kwa mtu anayeshindwa kumaliza sentensi isikufanye utulie. Ikishuka chini ya 92 ni dharura bila mjadala.

#12 Swali_Fupi

Viambato sasa. Mtu atajuaje kama ana mzio wa kilichomo ndani ya chanjo asiyoijua?

#13 DadaWaMaabara

Pfizer na Moderna zina mafuta madogo madogo yanayobeba ujumbe wa kijenetiki, chumvi, sukari, na kitu kinachoitwa polietilini glikoli, kwa kifupi PEG. Hiyo PEG ndiyo mshukiwa mkuu. Hazina yai, jelatini wala mpira wa latexi. Novavax haina PEG, ina polisobati 80, ambayo ni ndugu yake kikemia, na mara chache mwenye mzio wa moja huwa na mzio wa nyingine. AstraZeneca na Janssen, ambazo sehemu nyingi hazitolewi tena, nazo zilikuwa na polisobati 80.

Huhitaji kujua majina hayo ili ujibu swali. Jiulize: uliwahi kuvimba au kuishiwa pumzi baada ya unga wa makrogoli (jina jingine la PEG) wa kulainisha choo, au ile dawa ya kusafisha utumbo kabla ya kipimo? Baada ya sindano ya steroidi ya kukaa muda mrefu mwilini kwenye goti au bega? Au ulipata mzio mkali kwa dawa mbili tatu zisizohusiana, bila sababu kujulikana? Hiyo ya tatu ndiyo inayomshtua daktari wa mzio, kwa sababu PEG imejificha kwenye vidonge na sindano nyingi. Ukijibu ndiyo, taja kabla ya kuchomwa, upelekwe kwa mtaalamu wa mzio.

Mzio wa karanga, samaki, vumbi, paka, chavua, penisilini ya vidonge: hakuna kati ya hivyo kinachozuia.

#14 Kipepeo_Mtulivu

Na baada ya kurudi nyumbani? Homa ya chanjo inaweza kuamsha pumu?

#15 MfamasiaZamu

Homa, uchovu, kichwa na mkono kuuma huja ndani ya siku moja au mbili na huisha kwa siku tatu hivi. Hutakiwi kubadilisha chochote kwenye pampu zako. Shida ninayoiona ikitabirika ni dawa ya maumivu. Takriban 7% ya watu wazima wenye pumu hubanwa kifua na aspirini, na wale wale hubanwa na ibuprofeni na diklofenaki, ndani ya nusu saa hadi saa tatu. Dalili ya kukushtua: una vinyama puani, umepoteza harufu, na mafua hayaishi. Kama ni wewe, tumia parasetamoli, na anza na miligramu 500, maana dozi ya 1,000 kwa mkupuo huwagusa baadhi yao. Kama umekuwa ukitumia ibuprofeni miaka yote bila shida, hakuna sababu ya kuiogopa leo. Yule anayebanwa na dawa hizi akimeza diklofenaki usiku wa chanjo, asubuhi anailaumu chanjo.

#16 PafuNaKifua

Kuna jingine la siku ya pili hadi ya nne. Chanjo za Pfizer na Moderna mara chache huleta uvimbe wa msuli wa moyo, zaidi kwa vijana wa kiume, hasa baada ya dozi ya pili. Dalili zake ni kifua kuuma au kubana, pumzi fupi, moyo kwenda mbio. Mwenye pumu anaisoma kama pumu, anavuta salbutamoli, na salbutamoli yenyewe inaongeza mbio za moyo. Vigezo viwili: hakuna filimbi, na mipulizo minne haijabadilisha chochote. Maumivu yakizidi ukilala chali na kupungua ukiinama mbele, usingoje kesho. Omba kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha kama msuli wa moyo umeumia.

#17 Mlezi_Makini

Mtoto wa miaka sita mwenye pumu, kuna tofauti?

#18 NesiWaDozi

Kanuni ni hizohizo, Mlezi. Tofauti ni dozi ya chanjo, ambayo hufuata umri na si uzito, na adrenalini kama alivyoandika PafuNaKifua. Nenda na spesa yake mwenyewe. Tikisa pampu, mpulizo mmoja ndani ya spesa, mtoto apumue kawaida mara tano au sita, subiri nusu dakika, tikisa tena, mpulizo wa pili. Kubonyeza mipulizo mitatu kwa mkupuo kunafanya dawa igande kwenye kuta za spesa. Na usiifute kwa kitambaa baada ya kuiosha, msuguano huleta umeme tuli unaovuta dawa. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe.

#19 Swali_Fupi

La mwisho: aliyebanwa kifua baada ya dozi ya kwanza, arudi kwa ya pili?

#20 DadaWaMaabara

Inategemea kilichotokea, ndiyo maana kumbukumbu ya siku ile ina thamani kubwa. Kama ilikuwa filimbi tu, bila vipele wala presha kushuka, na pampu ikamaliza, kwa kawaida anarudi pumu ikishatulizwa, na anakaa dakika 30. Kama ilikuwa anafilaksia, haongezewi chanjo ya aina ileile mpaka aonwe na mtaalamu wa mzio, na mara nyingi huchaguliwa ya aina nyingine.

Kwa hiyo mhudumu wa zamu aandike: saa ya sindano, saa ya dalili ya kwanza, dalili gani ilitangulia, presha na mapigo, dawa iliyotolewa na saa yake, aina ya chanjo na namba ya toleo. Piga picha ya mabaka kabla hayajafifia. Na kama kuna maabara, toa damu ya kupima triptasi (kemikali inayomwagwa na seli za mzio) saa moja hadi mbili baada ya dalili kuanza, isizidi saa nne, halafu nyingine baada ya saa 24 au zaidi, dalili zote zikiwa zimekwisha, ili kulinganisha. Ikipanda ile ya kwanza na kushuka ya pili, una ushahidi wa anafilaksia. Isipopanda, bado haijakanushwa, na hapo maandishi ya zamu ndiyo yatakayoamua.